Kutenga Matofaa, Hirosaki

Miaka thelathini na minne nimesimama bandani,
glavu za pamba, shingo upande,
nikitenga matofaa: makubwa huku, ya wastani kule,
yenye doa yakakamuliwe juisi.
Mwanangu Chizuru naye hutenga,
ila vitu vyake havijawahi kugusa meza.

"Mama," aliniambia, theluji imeziba dirisha,
"chukua tufe. Si hilo la mkononi mwako,
tufe lenye vipimo vingi kupita vidole vya watu watatu.
Ndani yake tandaza uso
unaopinda vilevile popote utakapokanyaga,
usio na kona ya kujificha,
usio na mahali pa kusema: hapa ndipo nilipoanzia.
Nyuso za namna hiyo ziko ngapi?"

Nikamenya. Ganda halikukatika.

"Mipindo yake yaweza kuwa mmoja," akasema,
"au miwili, mitatu, minne. Au sita."
Na mitano?
"Mitano haipo."
Nani kaikataza?
"Hesabu yenyewe, Mama. Imegoma."
Nikautazama mkono wangu ulioshika kisu:
vidole vitano, na sikuomba ruhusa kwa mtu.

Kilibaki kisa kimoja kwenye ile mipindo minne,
saba kwa nane, alikiita hivyo
kama mtu anayetaja nyumba ya jirani mkorofi.
Alikifukuzia miaka tisa.
Chai ilipoa, mchumba wa Morioka akapoa.
Sikusema kitu. Samaki hukunjwa angali mbichi,
na huyu alishakauka
ameelekea kule kule alikokunjwa.

Kisha, theluji ya Mlima Iwaki ikianza kuyeyuka,
ikaja habari: mtu mwingine, mji mwingine,
amekifunga.

Hakulia. Alipanda treni ya usiku,
akavaa glavu zangu za akiba,
akasimama kando yangu kwenye mkanda wa matofaa ya ghalani.
Mzito wa kazi, ajabu! Kila moja alilizungusha,
akalipapasa shavu, tumbo, kishimo cha kikonyo,
mkanda ukamzidi mbio,
msimamizi Narumi akakohoa mara mbili.

"Hakuna hata moja," akaninong'oneza,
"linalopinda sawasawa kila mahali."

Lingekuwepo, nikamwambia,
tungelitia sanduku gani?

Akalitazama alilolishika,
jekundu, limebonyea ubavuni,
akaling'ata
kabla hajalitenga.