Hakina Mwisho

Mwanjelwa, Julai, baridi inang'ata masikio.
Andongwisye katandaza vitabu juu ya magunia ya viazi.
"Hicho hakina mwisho," ananionya. "Toa mia tano."

Nakinusa kwanza:
moshi, mafuta ya taa,
mhuri wa maktaba usemao KISITOLEWE NJE,
na jani la chai, kavu, ukurasa wa arobaini,
pale Tusekile wa Kidato cha Pili B
alipolipigia mstari neno *kesho*
akaandika pembeni kwa penseli: muongo huyu.

Nasoma nimesimama. Upepo wa Loleza
unanifunulia kurasa kabla sijamaliza.
Turubai linakunjwa.
Mia tano ninayo. Ndiyo nauli.

Natembea hadi Iyunga, kitabu kwapani,
nikibishana na Tusekile
iwapo yule muongo alirudi.