Daftari Mbili

Kitangari, mwezi wa salfa.
Mikorosho imepauka kama wari waliopakwa unga.

Daftari langu linasema:
*Jumanne. Mbwa wa Nangomwa, kahawia,
anatokwa mate, anang'ata gogo. Kafa.
Sababu haijulikani.*
Nikagonga mhuri. Mimi ni mtu wa mbuzi, kuku na mbwa;
saa saba nilikuwa nimeshakula.

Daftari la Somoe, muuguzi wa zahanati:
*Jumatatu. Mfaume, miaka saba.
Jeraha dogo kwenye kigimbi.
Kapewa dawa ya maumivu. Karudi nyumbani.*

Kati ya daftari na daftari
ni hatua sitini, ukuta wa tofali za kuchoma,
na meza ya mama anayeuza mihogo.
Mihogo ilivuka kila siku.
Habari haikuvuka.

Wiki ya sita mtoto akakataa maji.
Huku kwetu juu, ambako ndoo ina bei,
ambako mama yake huamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya bomba,
mtoto alikitazama kikombe
kama mtu aliyefika ukingoni mwa shimo.
Mama alidhani ni ladha.
Akayachuja kwa kanga.
Akayachuja tena.

Ya siku ile siyasemi.

Matanga yalipoanuliwa Somoe aliingia ofisini bila hodi,
akaliweka daftari lake juu ya langu.
Kidole kimoja: Jumatatu.
Cha pili: Jumanne.
Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.
"Nangomwa ana mbwa mwingine?"
Alikuwa nao wawili, na mmoja hakuonekana tangu juzi.

Tukapanda pikipiki moja,
sanduku moja la barafu katikati yetu,
chanjo ya mbwa huku, ya watu huku,
chupa zikigongana kila tulipokanyaga mzizi.
Mimi nilishika shingo, yeye alishika tochi.
Kwa bibi mmoja aliyeng'atwa kiganjani tulibadilishana:
yeye sabuni na jeraha, robo saa nzima kwa saa yake ya mkononi,
mimi kumimina,
na bibi akihesabu kwa sauti maji yake yanavyokwisha.

Wilayani wakapiga simu:
mafuta hayo ni ya idara gani?
Nikasema, ya pikipiki.

Siku hizi daftari ni moja.
Tumelishona kwa uzi wa gunia la korosho,
mshono umekwenda upande, kurasa za katikati zinachomoka.
Kushoto wanyama, kulia watu.
Nikiandika kushoto
naogopa weupe wa kulia.

Leo, kushoto:
*Mbwa mweupe, njia ya Mnyambe, anayumba, hana mwenyewe.*
Kulia bado hakuna kitu.

Somoe ameshavaa viatu.