Nozeli Sita

Uyole, Julai. Alfajiri ukishika spana bila kitambaa
inakung'ata.
Lori la mama Tusekile lina siku ya nne uwanjani kwangu,
mgongoni viazi vya Isyonje, magunia themanini,
na viazi havijui kusubiri:
vimeanza kuota, vinachungulia
kwenye matundu ya gunia,
vinatutazama mafundi.

Injini yake ilikufa Kitonga,
konrodi ikatoboa bloku, oili ikaandika lami hadi bondeni.
Tukaweka nyingine, mtumba, kutoka Tunduma,
tumbo moja na ile, muuzaji aliapa,
mkono mmoja kifuani, mwingine unahesabu noti.
Bolti zikakubali. Mabano yakakubali.
Ikawaka kwa pigo la kwanza
na sisi, wajinga, tukashangilia.

Tambarare, inateleza.
Mlimani, kona ya kwanza tu ya njia ya Tukuyu,
inashusha pumzi,
rezi elfu moja na mia nne, haiongezi hata moja,
moshi mweusi, taa ya njano usoni pa Ambakisye.
Dereva huyu hasemi mengi.
Aliipiga dashibodi kofi dogo,
la kumwamsha mtoto asichelewe shule.

Akaja kijana wa Soweto na faili kwenye flashi.
"Hili linaleta nguvu, fundi." Tukalipakia.
Nguvu ikaja kweli, ikaja na moto,
tabo ikaiva nyekundu kama jiko la mkaa.
Nikazima. Nikamrudishia flashi yake
na nauli ya bajaji.
Ugonjwa hujaujua, unaongeza dozi?

Usiku nikabaki na skana, tochi mdomoni.
Presha ya hewa, sawa.
Presha ya mafuta, sawa.
Waya wa ethi tuliufunga juu ya rangi mbichi, aibu yetu;
nikakwangua hadi chuma kikang'aa.
Makosa mawili yakafutika.
La tatu likanikodolea.

Ndipo nikakumbuka kuuliza majina.

Kila nozeli imechongwa namba kichwani,
maana hakuna mbili zinazotema sawa:
hii ina pupa, ile inachelewa
chini ya upepeso wa kope.
Na kompyuta ni ile ile ya zamani.
Ilikuwa inawaita marehemu sita,
inampimia kila mmoja sehemu yake,
na waliokaa mezani ni wageni.

Tulibadilisha moyo
ubongo hatukuupa taarifa.

Nikafungua kava ya valvu, nikafuta oili kwa shati,
nikanakili kwenye boksi la sabuni.
Ya nne ilikuwa imelika: B, au nane?
Nikaandika nane. Injini ikatetemeka, ikakohoa,
kikombe cha chai kikatembea juu ya bampa
kikaanguka.
Nikaandika B.

Kimya kile siwezi kukusimulia vizuri.
Injini inanguruma, lakini ni kimya.

Kulipopambazuka mama Tusekile akaja na kanga mbili mabegani,
hakuuliza bei, aliuliza viazi.
Tukapanda, Ambakisye, mimi, na skana mapajani.
Kona ya kwanza. Ya pili. Ukungu wa Isyonje ukatufungulia,
rezi elfu moja na mia sita, mia nane,
moshi hakuna,
na wauza karoti kando ya njia
wakaacha hata kuinua vichwa:
lori linalopanda vizuri si habari.

Imebaki namba moja sijaigusa.
Saa za kazi: elfu ishirini na moja na ushee,
za injini ile iliyolala Kitonga.
Kidole kilikuwa kwenye kitufe.
Ambakisye, macho barabarani, akasema,
"Hizo acha. Nilikuwemo."

Nikazima skana.
Nyuma yetu gunia moja lilikuwa limechanika,
viazi vinadondoka kimoja kimoja
kuelekea nyumbani.