Dakika Moja

Kazi yangu ni daftari na kalamu ya risasi
(nilitamka jina hilo ndani ya gari, nikajuta, wakacheka wao).
Wenzangu wamepewa magongo, maji, dawa za presha,
kiti cha magurudumu tulichoazima hospitali,
kirudi kabla ya saa kumi.
Mimi nimepewa Mzee Ndelilio Mmari wa Kibosho.
Masikio yote mawili aliyaacha ng'ambo ya Kagera,
"na risiti sikupewa," husema, kwa sauti ya mtu
asiyejua sauti yake imefika wapi.

Walipanda tisa, Kosta ya parokia, migomba ikidondosha umande.
Suti za harusi za wajukuu. Nishani ndani ya soksi.
Bi Mkunde, nesi wa kikosi, alikaa mbele
akimwonyesha dereva mashimo ambayo dereva ameyaona.
Sisi wa kujitolea tulivaa fulana mpya, ASANTENI mgongoni,
kwa hiyo wazee walisoma shukrani
kila tulipowapa kisogo.

Mjini, kwenye mzunguko, walimkagua askari wa sanamu
kama wanavyokagua ng'ombe wa mahari.
"Huyu si wa vita vyetu. Ni wa babu zetu,
wazungu walipogombana, sisi tukabeba."
"Ila buti ni buti."
"Tazama soli. Haijaisha. Huyu hajafika popote."

Ratiba ilikuwa na shada, sala, hotuba, picha.
Haikuwa na choo.
Nikavuka barabara na Bi Mkunde mpaka kituo cha mafuta.
Kijana wa mlangoni alidai mia tatu, akaona nishani,
akamrudishia sarafu zake kwa heshima:
"Bibi, na wewe ulikimbia marathoni ya Kilimanjaro?"
"Nilikimbia, mwanangu.
Sikushika namba."

Kisha kiongozi wetu akatangaza dakika moja ya ukimya.
Nikaandika kwa herufi kubwa: DAKIKA MOJA. KIMYA.
Mzee Ndelilio akasoma, akavua kofia, akanyooka
mfupa mmoja baada ya mwingine,
mpaka gongo likabaki bila kazi.

Bodaboda hazikunyamaza. Muuza miwani hakunyamaza.
Dakika ikaisha, kofia zikarudi vichwani, mtu akakohoa,
chupa ya chai ikafunguliwa.
Yeye bado wima.
Nani angemwambia? Mimi. Ndiyo kazi yangu:
kumgusa bega, kuandika IMEISHA.
Niliandika. Nikalishika daftari kifuani
kama mtoto aliyeficha ripoti ya shule.
Kwake dakika ilianza mwaka sabini na tisa,
kwa kishindo kimoja,
na mimi ni nani, mwenye penseli,
nimpulizie kipenga?

Jua likahama kutoka bega la sanamu hadi bega lake.
Kiongozi alinitazama, nikatazama viatu vyangu.
Mwishowe akajikalisha mwenyewe, taratibu,
akauliza, kwa sauti iliyovuka mzunguko mzima:
"Chai mmemaliza?"

Kupanda Kibosho wote walilala, videvu vifuani.
Yeye akaniomba daftari. Asubuhi nilimwandikia swali,
swali la fomu, la kujaza nafasi:
Leo utamkumbuka nani?
Alikuwa amelikalia siku nzima.
Akajibu kwa mwandiko wa zamani, ule wa kulalia upande:

Tumsifu Kaaya, mtoto wa Akheri, Meru.
Ninamdai shilingi ishirini na soksi pea moja.
Wachungaji wanasema samehe.
Nikisamehe atakuwa amekufa.

Kiti tulikirudisha saa kumi na moja kasoro.
Mlinzi akafungua kitabu, akalamba kidole,
akaandika: kimechelewa.
"Sababu?"
Nikafikiri.
"Dakika moja," nikamwambia,
na akaandika hivyo hivyo.