Mawese ya Julai

Asubuhi ya Julai, Bukavu, chupa za mama zimeganda.
Anazipanga kwenye jua la Kadutu, moja moja,
kama watoto waliotoka kuoga.
Kila mteja anaigeuza chupa kichwa chini,
anangoja,
hakuna kinachoshuka,
anairudisha.

Mimi niko mlima wa pili, maabara ya hospitali,
koti jeupe juu ya sweta mbili,
nasubiri umeme.
Nina sahani mbili za kijidudu yule yule wa kipindupindu.
Mmoja nilimchota Muhumba, ziwani, nyuzi ishirini na tatu.
Mwingine katoka tumboni mwa mtoto wa Essence,
kitanda cha nne, nyuzi thelathini na saba.
Ndugu wa damu.
Lakini wakamue mafuta: hayafanani.

Daktari Zihindula alinieleza mara tatu,
na ya tatu ndipo nilipoziona kuni.
Kuni za wale wanawake wa Walungu,
kamba ya mzigo imechora mstari kwenye paji la uso.
Fito zilizonyooka hulala zikibanana, hata kisu hakipenyi.
Chomeka humo tawi moja lililopinda goti,
mzigo wote unapumua.

Basi ngozi ya kijidudu ni mzigo huo.
Mikia ya mafuta iliyonyooka hubanana, hukaza, huganda;
mkia wenye goti huacha nafasi.
Baridi ikija, anaongeza magoti.
Joto likija, anayapunguza.

Na amevaa mbili, shati la ndani na koti la nje,
na koti lenyewe lina pande zisizofanana:
ndani mafuta ya kawaida,
nje mafuta yenye manyoya ya sukari,
yamefungwa kwa chembe za magnesi kama vifungo.
Likikaza mno, milango yake inakwama, njaa inamla.
Likilegea mno, dawa zetu zinaingia bila hodi.
Maisha yake yote yako hapo katikati,
si maji, si jiwe.
Hana kipimajoto. Hana kichwa cha kuwazia.
Anahisi kwa ngozi,
na ngozi ndiyo inayojibu.

Jumamosi mama alirudi na bidoni zake zote.
Walimpigia kelele sokoni: M'Cikuru anachanganya!
Ni kweli.
Kila bidoni ya mawese, glasi mbili za alizeti,
miezi ya baridi tu.
"Watu wanataka kuyaona yakitembea," alisema,
akizitia sambaza kwenye kikaango.
Nilikaa kwenye kigoda. Nilitaka kucheka, nikashindwa.
Nikamwambia: Mama, kuna mdudu hospitalini
anafanya hivyo hivyo.
— Naye walimtukana?
— Tunatafuta namna ya kumuua.
Akazigeuza sambaza. Mafuta yakalia.
— Na baridi ikiisha, anaacha?
— Anaacha.
— Basi si mwizi.
Sikumjibu. Nilikuwa namfikiria mtoto wa Essence,
macho yaliyozama, ulimi mkavu kama karatasi,
na mama yake akiuliza kwa nini maji ya ziwa
yaliyo baridi hivi
yana kitu kinachoweza kuishi ndani ya mtu.

Kwa sababu kinabadilisha mafuta, mama.
Hilo nalo sikumwambia.
Nilimpa chumvi ya kuchanganya na maji,
nikamwonyesha kipimo.

Majibu yalirudi kutoka Kampala baada ya wiki saba,
karatasi moja, imelowa pembeni.
Wa Muhumba: magoti mengi.
Wa kitanda cha nne: machache.
Daktari aliandika "vizuri" kwa kalamu nyekundu,
nami nikazitia zile sahani kwenye klorini,
zote mbili, ndugu kwa ndugu.
Mtoto alikuwa amekwisha kwenda kwao,
kwa miguu yake, akikokota kandambili za dada yake.

Septemba, mvua za kwanza, joto likarudi kidogo.
Mawese yakashuka yenyewe chupani, mekundu, bila haraka.
Mama akaacha alizeti
wala hakumtangazia mtu.