Karani wa Mizani

Mchana kutwa napima katani.
Robota linapanda mizanini, mshale unatikisika,
naungoja utulie, naandika: mia mbili arobaini na tisa.
Sijakosea hata kilo moja,
muulize meneja, muulize hata kuli asiyenipenda.

Usiku, hapa Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
nimemwaga sarafu juu ya kitambaa cha plastiki
na mshale umekataa kutulia.

Mbwana anataka elfu mbili kwa siku.
Anasema akiutazama ukuta, si mimi,
kwa sauti yake mpya, nzito, ambayo bado hajaizoea.
Kidato cha pili, anasema, si darasa la pili.
Anamtaja mwenzake wa Raskazone, mtoto wa wakala wa forodha,
ambaye hupewa elfu tano na chenji haiulizwi.
"Na hisabati," nauliza, "huyo alipata ngapi?"
Mwanatumu ananikanyaga mguu chini ya meza.

Shekue, kitinda mimba, hana ugomvi na kiasi.
Mpe jero moja, analia.
Mpe mia mbili mbili, anacheka,
kwa kuwa ni mbili, na zinagongana mfukoni.
Mwakani atajua kuhesabu; faida yangu itaishia hapo.

Mwanatumu anasema: mia tano kila mmoja, pasiwe na neno.
Nasema: mkubwa ana tumbo kubwa.
Anasema: mdogo ana macho, na macho hayashibi.
Nasema: haba na haba...
Anasema: usiniletee haba na haba,
kibaba chenyewe kimepanda bei Mgandini.

Baba yangu alinipa shilingi tano, Ijumaa tu,
akiigandamiza kiganjani kama anapiga muhuri,
kisha husimama dirishani aone naipeleka wapi.
Nilinunua embe bichi la chumvi na pilipili,
nikalila nimelipa dirisha mgongo,
na mpaka leo sijui utamu ule
ulikuwa wa embe au wa kugeuza mgongo.

Hilo sikulisema. Nilisema:
enzi zetu hatukupewa kitu.

Ndipo Kibibi, aliyekuwa kimya tangu tulipotoa vyombo,
akaleta daftari. Mistari kaipiga kwa rula
kama niipigavyo mimi ghalani.

*Muhogo wa kukaanga, mia mbili.*
*Barafu ya ukwaju, mia.*
*Mwanaisha kakopa mia, atalipa Jumatatu.*
*Jumatatu imepita.*
*Kalamu imepotea, nimenunua, sikusema.*
Na ukurasa wa pili, kwa wino mwekundu:
*Baba. Mia tano. Pancha.*

Nikaikumbuka Jumanne ile: tairi la nyuma limelala,
mvua, fundi hakopeshi,
na mtoto wa darasa la tano anatoka shule
amefumba ngumi juu ya akiba yake.
Nitakurudishia jioni, nilimwambia.
Zimepita jioni kumi na tisa; kazihesabu pembeni kwa vijiti.

Meza ikanyamaza.
Mbwana, kwa mara ya kwanza usiku huo, akanitazama usoni.

Nikamsogezea Kibibi mia tano.
Hakuigusa. Nikaongeza mia.
Akachukua mia tano, mia akairudisha kwa kidole kimoja.
"Hiyo sikuiandika," akasema,
akapiga mstari, akaupulizia wino ukauke.

Basi tumekata hivi, mpaka mwisho wa mwezi tuone:
Shekue, mia mbili zake mbili zinazogongana.
Kibibi mia tano, na daftari halikaguliwi
ila akilileta mwenyewe.
Mbwana buku, nusu ya alichotaka;
na mlango wa chumba kaubamiza,
nao nusu nusu.

Mwanatumu kazirudisha zilizobaki kwenye kopo la maziwa
bila kuzihesabu. Au kazihesabu kwa sikio, sijui.

Asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli,
nimeinama nikazibonyeza tairi zote mbili.