Mistari Miwili ya Fomu

Fomu ina mistari miwili, mmoja juu ya mwenzake:
*haridus*, elimu;
*koolitus*, mafunzo.
Miaka kumi na moja nimekaa dirisha la tatu,
ofisi ya ajira, mji wa Võru,
nikiwatenganishia watu maneno kama soksi za kufua:
mafunzo yana siku ya kuanza na siku ya kwisha,
yana muhuri, yana chai ya saa nne;
elimu ni shule uliyomaliza, andika mwaka.
Usichanganye.

Endel Kõivsaar alichanganya.
Kiwanda cha mbao kilifungwa wiki ile,
vumbi la msonobari lingali kwenye nyusi zake.
Kwenye mafunzo alijaza mpaka pambizoni:
kuendesha foklifti, kuzima moto, huduma ya kwanza,
siku tatu, siku mbili, nusu siku.
Kwenye elimu aliandika, kwa penseli:
*Shamba la mama, hekta mbili, Leevi.*
Nikachukua kalamu nyekundu.

"Dada," akasema, wala hakukasirika,
"neno hili si ndilo la jembe?
*Harima*. Unalima udongo, unalima mtu.
Sisi kwetu hatuna mawili."

Kisha akanieleza mawe.
Kwamba baridi huyasukuma kutoka chini,
theluji ikiyeyuka yanachungulia,
mapya, ambayo mwaka jana hayakuwapo;
na Leida, mama yake, wa miaka themanini na mbili,
huinama, huokota, hurundika ukingoni,
na hajapata kusema nimemaliza.
"Sasa niandike mwaka gani?"

Foleni ikakohoa.
Mimi nilisomea lugha, Tartu, miaka minne,
cheti kimetundikwa juu ya mashine ya kahawa.
Neno hilo nimelitamka labda mara elfu ishirini
na sikuwahi kuona udongo kwenye kucha zake.

Kompyuta ilikataa, bila shaka. Inataka tarakimu nne.
Nikamwekea 1984, darasa la nane.
Akatia sahihi, akaenda kufunzwa kulehemu,
wiki sita, muhuri.

Karatasi ile ya kwanza sikuitupa.
Niliibandika kwenye kioo, upande wangu,
na majira mawili ya jua yamepita juu yake.
Wino wangu mwekundu umekwisha kabisa.
Penseli yake inachungulia.